Kadi Namba Nne

Nyumbani walimwita Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Tangu alipojua kusema hakuwahi kuupa mdomo likizo, isipokuwa wakati wa kula, na hata hapo alijaribu kufanya yote mawili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ratiba yake ya siku za shule haikubadilika. Akitoka darasani alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akavuka barabara kwenda studio ya shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la kijivu ukutani, kigoda cha kukalia wateja, dirisha pana upande wa kulia na meza ya kompyuta. Wiki hiyo meza ilikuwa tupu. Kompyuta ilikuwa kwa fundi, na kila alipoulizwa, fundi alijibu kwamba itakuwa tayari kesho. Kesho ya fundi, alisema shangazi, haina kalenda.

Tangu likizo iliyopita Chiriku alikuwa akifundishwa kupiga picha kwa kamera ndogo. Alijifunza kuvaa mkanda shingoni kabla ya jambo lolote, kubana viwiko ubavuni ili mikono isitikisike, kutoa pumzi taratibu na kubonyeza kitufe bila kukipiga. Alijifunza kumweka mtu mahali ambapo mwanga unamwangukia usoni. Alijifunza pia kutazama nyuma ya mtu kabla ya kumtazama mtu mwenyewe, maana picha ya kwanza aliyompiga baba yake ilimwonyesha na nguzo ya umeme imemwota utosini. Baba aliitundika sebuleni hivyo hivyo, akasema sasa anaelewa kwa nini bili ya umeme imepanda.

Lakini somo lililotangulia yote halikuhusu kamera, lilihusu kopo. Lilikuwa kopo bapa la biskuti, na ndani yake zililazwa kadi tisa za kuhifadhia picha, ndogo kama stempu, kila moja imebandikwa namba kwa kipande cha plasta. Kadi ambayo picha zake zilikwisha hamishiwa kwenye kompyuta ililazwa namba ikiwa juu. Kadi ambayo picha zake hazijahamishwa ililazwa namba ikiwa chini.

"Inayotazama juu ina njaa," shangazi alimfundisha, "na iliyolala kifudifudi imeshiba. Iliyoshiba haiguswi."

Kadi zenye njaa mara nyingi zilibaki na picha za zamani zisizohitajika tena, na kuzifuta ilikuwa kazi ya Chiriku. Alitia kadi kwenye kamera, kamera ikauliza kama ifute zote, naye akakubali. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi hata kidole chake kilijua njia chenyewe.

Jumatatu hiyo shangazi alikuwa ametoka kidogo kufuata fremu dukani. Chiriku aliingia akiongea peke yake. Kwenye bati la nyumba ya mbele alikuwa amelala paka mweupe, mwanga umemkalia vizuri ajabu, na Chiriku aliona kwamba paka huyo hawezi kusubiri. Akanyoosha mkono rafuni, akalivuta kopo kwa ncha za vidole, kopo likaanguka. Kadi zikatawanyika sakafuni. Aliziokota mbiombio, akazipuliza vumbi, akazipanga safu tatu nzuri, namba zote zikiwa juu. Akachukua iliyokuwa karibu, akaitia kwenye kamera. Kamera ikauliza kama ifute zote. Kidole kikakubali.

Alimpiga paka picha moja. Ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Ndipo alipogeuka, akaliona kopo.

Zote zilikuwa zinatazama juu. Na Jumamosi jioni, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amelaza kadi moja kifudifudi. Aliitoa kadi kwenye kamera. Namba nne.

Kadi namba nne ilikuwa na picha za Bibi Mkunga, mama mzee aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa, Chiriku akiwemo, na baba yake Chiriku akiwemo pia. Watoto wake sita walikuwa wamekutana kwake Jumamosi, wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka kumi na mmoja. Shangazi alikwenda kuwapiga picha nyumbani kwao, na Chiriku ndiye aliyeshika ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Jumapili asubuhi watoto watano wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Akabaki mmoja, mshonaji, anayeishi na mama yake.

Alikuwa bado amesimama hivyo wakati mtoto wa shangazi alipoingia. Huyo alikuwa na miaka kumi na mitano na walimwita Profesa, kwa sababu hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu, hata kama jibu lenyewe lilikuwa bovu. Chiriku alimweleza kwa sauti ya chini. Profesa aliutazama mlango, kisha akakuna kidevu kisicho na ndevu.

"Kadi tupu inauliza maswali," alisema. "Kadi iliyojaa haiulizi kitu. Piga picha zozote, ijaze, uilaze kifudifudi kama ilivyokuwa. Mama akiifungua atadhani alikosea kadi mwenyewe."

"Na Bibi Mkunga je?"

"Watapigwa tena siku nyingine. Wewe unataka kufukuzwa studio?"

Hapana, hakutaka. Hicho ndicho alichokiogopa kuliko adhabu yoyote, kuambiwa aiweke kamera chini asiishike tena. Kwa hiyo alipiga. Alipiga mlango, kigoda, kiatu, pazia, na Profesa mara tano kwa ombi la Profesa mwenyewe. Viwiko vilivyofundishwa kukaa ubavuni vilipiga mbawa. Alipohesabu picha ishirini na sita alisikia viatu vya shangazi nje. Akailaza kadi kifudifudi, imeshiba uongo.

Jioni hiyo mama yake alimshika paji la uso mara mbili akidhani ana homa. Baba aliuliza kama redio ya nyumba imeishiwa betri. Chiriku alitabasamu kwa shida, akasema amechoka.

Siku ya Jumanne hofu ilikwenda naye shuleni na ikarudi naye. Mchana, shangazi alipokuwa nje akizungumza na mteja, Profesa alimkonyeza, na Chiriku akaongeza picha tisa nyingine, haraka, bila hata kutazama alichokuwa anakipiga. Aliirudisha kadi mahali pake. Shangazi aliporudi ndani alikuwa na uso wa furaha. Fundi ametuma habari, alisema, na safari hii ameapa: kompyuta kesho.

Hakuwa amemaliza kusema hayo alipoingia mshonaji, binti wa Bibi Mkunga. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Chiriku alimwamkia, mshonaji akaitikia marahaba bila kumtazama, akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kupigwa picha asiyoitaka.

Alieleza kwamba mama yake alikuwa na uvimbe tumboni na alikuwa ameuficha kwa muda. Hiyo ndiyo sababu iliyowaleta ndugu zake Jumamosi. Alhamisi asubuhi angepelekwa hospitali kupasuliwa.

"Mama yangu unamjua, dada," alimwambia shangazi. "Hajawahi kuogopa kitu. Lakini tangu jana ananiuliza picha, picha. Anasema anataka kuingia na watoto wake wote mkononi. Asiporudi, awe ameondoka nao."

Shangazi aliweka kiganja juu ya kopo. "Zipo hapa, hazijaenda popote. Kesho jioni nitamletea mwenyewe."

Mshonaji alishukuru, akafuta macho kwa ncha ya tepu, akaenda zake. Chiriku alikuwa kando ya pazia. Alimwona Profesa mlangoni akitikisa kichwa polepole, akimwashiria anyamaze. Shangazi naye aliimba chinichini huku akichagua fremu, na kuimba huko ndiko kulikomuumiza Chiriku zaidi. Kesho shangazi angekaa mbele ya kompyuta akitafuta picha zisizokuwepo. Angejilaumu. Angesema macho yake yamezeeka, akili yake imezeeka, na Chiriku angesimama pembeni akimsikia.

Kunyamaza kulimshinda. Alitamka maneno yote kwa pamoja, kopo na paka na kamera na ndiyo aliyoibonyeza, na hakumtazama shangazi usoni mpaka alipofika mwisho. Wazo lilikuwa la Profesa, lakini kidole kilikuwa chake, na hilo pia alilisema.

Alitegemea kelele. Shangazi hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, fremu mapajani, akauliza swali moja ambalo Chiriku hakulielewa.

"Baada ya kufuta, umepiga ngapi juu yake?"

"Moja ya paka. Halafu... thelathini na tano nyingine."

Shangazi alifumba macho. Kisha aliinuka, akaitoa kadi namba nne kwenye kopo kwa vidole viwili, akasukuma kidude kidogo kilichokuwa ubavuni mwake ili isiandikwe tena, akaifunga ndani ya leso. Akafunga studio mchana kweupe, jambo ambalo hakuna mtu wa barabara ile aliyewahi kuliona. Walikwenda kwa fundi. Profesa alifuata nyuma hatua kumi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ushauri.

Karakana ya fundi ilinuka risasi ya kuunganishia nyaya. Kompyuta ya shangazi ilikuwa mezani, imefungwa tayari, kwa hiyo kumbe kiapo cha safari hii kilikuwa cha kweli. Fundi aliisikiliza habari yote, akaitia kadi kwenye mashine yake, na mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulitambaa taratibu mno. Chiriku aliukodolea macho. Robo. Hakuna kitu. Theluthi. Zikatokea picha zilizokatika, nusu uso na nusu mistari ya kijivu, kisha nyingine nyeusi tupu. Shangazi alipumua kwa nguvu, akageuka dirishani.

"Tazama hapa, binti," fundi alimwambia Chiriku, labda ili kumwondolea hofu. "Ukifuta kadi, picha hazitoki mara moja. Ni kama daftari lililochanwa ukurasa wa yaliyomo. Kurasa nyingine zipo, ila hakuna anayejua kilichoko wapi. Mashine hii inafunua ukurasa mmoja mmoja. Lakini ukipiga picha mpya, unaandika juu ya ukurasa wa zamani. Ukishaandikwa juu, mimi sina dawa."

"Kwa hiyo kila niliyopiga..."

"Kila uliyopiga imekula ya zamani. Ungekuja jana saa ileile, ningekurudishia zote, labda kasoro moja iliyoliwa na paka wako. Na ungeendelea kupiga mpaka kadi ijae, nisingekuwa na cha kukurudishia."

Chiriku alimtazama Profesa. Profesa alitazama viatu vyake.

Mstari ulipovuka nusu, picha moja ilitokea nzima. Lilikuwa kochi, likiwa na makoti ya wageni. Ikafuata nyingine, watoto wawili wakubwa wakirekebishana kola. Kisha wote sita wakiwa wamesimama nyuma ya kiti cha mama yao, mmoja amefumba jicho. Ikafuata ileile, macho yote yakiwa wazi. Shangazi aliweka mkono kinywani. Mshonaji alikuwa katikati, na tepu shingoni hata siku hiyo.

Mwisho wa kazi, daftari la shangazi lilionyesha picha mia moja na arobaini, na zilizorudi zilikuwa mia moja na mbili. Zilizopotea zilikuwa zile za mwanzo, Bibi Mkunga peke yake mlangoni kwake. Chiriku alikumbuka moja. Alikuwa ameshika ubao mweupe, akamwuliza bibi kama ni kweli baba yake alizaliwa anaongea, na bibi akacheka mpaka akashika ukingo wa mlango. Shangazi alisema siku ile kwamba katika miaka yote ya kazi hajapata picha kama hiyo. Sasa mahali pake palikuwa na kiatu.

Njiani kurudi shangazi alisema maneno machache. Hakusema kuhusu kamera ndogo, na Chiriku hakuthubutu kuuliza. Alisema tu kwamba kesho jioni wataipeleka picha pamoja, na kwamba habari ya zilizopotea atakayeieleza ni Chiriku.

Jumatano Chiriku alipanda ngazi za nyumba ya Bibi Mkunga akiwa amekumbatia fremu. Begi dogo lilikuwa tayari juu ya kitanda, kanga mbili zimekunjwa juu yake. Bibi alikuwa ameketi karibu na mlango, amekonda kuliko Jumamosi, au labda Jumamosi Chiriku hakutazama vizuri. Alimwamkia, akampa fremu, na kabla hofu haijapata nafasi ya kumfunga mdomo akaeleza alichofanya, picha alizofuta, na zile alizopiga juu yake ili asijulikane.

Bibi aliwahesabu watoto wake kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka sita. Akarudia tena. Mshonaji alikuwa amesimama nyuma yake, na shangazi mlangoni.

"Mjukuu wangu," bibi alisema hatimaye, "katika kazi yangu niliwaona wanawake wa namna mbili. Kuna aliyekuja akasema, bibi, leo mtoto hachezi tumboni. Huyo nilijua pa kuanzia. Na kuna aliyeficha kwa sababu aliogopa, akangoja, akaja wakati mikono yangu haina la kufanya. Wote wawili walikuwa wanaogopa sawasawa. Mficha uchi hazai. Neno hilo nimelisema miaka arobaini, na uvimbe huu nimeuficha miezi minne. Umeona? Hata mkunga anasahau. Kuogopa si kosa. Ukiogopa, sema ungali na kitu cha kuokoa."

Chiriku alilia hapo, kwa sauti, bila aibu. Bibi alimwacha alie mpaka aliponyamaza. Kisha akamwambia kwamba ile picha ya mlangoni anaidai, na anaitaka leo, kabla jua halijaondoka.

Shangazi alivua kamera kubwa shingoni mwake. Kamera ambayo Chiriku hakuwahi kuruhusiwa hata kuipangusa sasa ilining'inia kifuani pake, nzito, na ndani ilikuwa na kadi namba saba, tupu. Alimweka bibi mahali ambapo mwanga ulimfika usoni. Akatazama nyuma ya bibi, akasogeza ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akabana viwiko, lakini mikono ilikuwa inatetemeka na kioo kizima kikitetemeka nayo.

"Unaogopa?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi naogopa. Basi tuko wawili. Piga."

Chiriku alitoa pumzi taratibu, akabonyeza. Katika picha hiyo bibi hakucheka. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, mikono imeishika fremu kifuani.

Alhamisi, Ijumaa, na wiki nzima iliyofuata, Chiriku aliuliza habari za hospitali kila alipomwona mshonaji. Profesa naye aliuliza, kwa sauti ndogo. Mama yake alikuwa amemfanya akaombe radhi mwenyewe kwa mshonaji, na kwa muda fulani watu wa nyumbani walimwita kwa jina lake la kuzaliwa. Siku ya kumi na tisa, bibi alirudi nyumbani akitembea polepole, ameshikwa mkono na binti yake. Fremu ilikuwa kwapani, na rangi ya pembe moja ilikuwa imekwisha kwa kushikwa. Alituma salamu studio kwamba sasa anaweza kucheka, ila taratibu, maana mshono unauma.

Chiriku alilifungua kopo. Shangazi alikuwa upande wa pili wa pazia na mteja. Kadi namba nne ilikuwa inatazama juu. Aliichukua, akaitia kwenye kamera, na kamera ikamwuliza kama ifute picha zote.

Chiriku hakuijibu kamera. Alikwenda mpaka kwenye pazia, akalisogeza kidogo, akamwuliza shangazi.